Sifa ya Mchagua Fimbo

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na kwa upande wa jembe sina ubishi nao. Shamba la Njoro halihami usiku, na mahindi hayamwoni mkulima akija yakajificha. Anayezunguka madukani mwezi mzima akipima mipini huku mvua ikimpita, huyo kweli hakukusudia kulima. Lakini methali hii imezoea kutembezwa nje ya shamba, na huko ndiko ninakoikataa. Hutumiwa kumcheka mtu aliyesimama dukani mbele ya fimbo za kuvulia, ameshika moja kwa vidole viwili, anaitikisa, anatazama ncha inavyotulia, anairudisha, anachukua nyingine. Muuzaji amechoka. Rafiki aliyemsindikiza anatazama saa. Kwangu mtu huyo hapotezi wakati wa mtu yeyote. Ameshaanza kuvua.

Niseme kwanza anavua nini, maana si kila uvuvi unastahili mashaka haya. Mkazi wa Nakuru ana ziwa mlangoni, ila si la kazi hii: maji yake ni ya magadi, limo ndani ya hifadhi ya taifa, na samaki wake maarufu ni perege mdogo aliyeletwa kutoka Ziwa Magadi katika miaka ya 1950 na 1960 ili ale viluwiluwi vya mbu. Anayetaka kuvua kwa fimbo hushika barabara kuu ya Nairobi, akapita Mbaruk na Gilgil, akakishinda kishawishi cha nyama choma ya Kikopey, na baada ya kilomita zipatazo 70 akafika Naivasha. Huko, kwenye kimo cha karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari, kuna ziwa lisilo na chumvi, na ndani yake anaishi mgeni kutoka Marekani anayeitwa blakibasi.

Aliletwa mwaka 1929, enzi ya walowezi, kwa ajili ya mchezo wa kuvua. Perege alikuwa ametangulia miaka minne kabla yake. Samaki wa asili wa ziwa hilo aliyejulikana alikuwa mmoja tu, mdogo wa kutoshea kiganjani, naye hajaonekana tangu 1962. Mwaka 1970 akaletwa kreifishi, yule kamba mwekundu wa vinamasi vya Louisiana, na mwanzoni mwa karne hii akaingia samaki aitwaye kapu, ambaye alikuja kujaza nyavu za wavuvi wa biashara. Naivasha basi ni ziwa la wahamiaji watupu, na sisi wenyeji wa nchi kavu hatuna budi kuwasoma tabia. Kinachochekesha ni kwamba blakibasi na kreifishi, wote wa kusini mwa Marekani, walikutana tena kwenye Bonde la Ufa, na mmoja akaendelea kumla mwenzake kana kwamba hawakuwahi kuachana.

Tabia ya blakibasi ndiyo inayofanya uchaguzi wa vifaa uwe kazi ya akili. Hakimbizi windo umbali mrefu. Hujibanza penye kivuli, chini ya ukingo wa mafunjo au kando ya kisiki, akingoja kitu kipite. Kinapopita hufumbua kinywa ghafla, nacho ni kipana kiasi kwamba taya la juu hupita nyuma ya jicho, na maji yote yaliyo mbele yake huingia pamoja na windo. Akihisi kuwa alichofyonza si chakula, hukitema kwa kasi ileile. Kati ya kufyonza na kutema ndipo mvuvi anapoishi. Pengo hilo ni fupi, na kila kifaa kilicho kati ya mkono na ndoana ama kitalirefusha kidogo ama kitalifupisha.

Mwanagenzi huanza na rili, kile kigurudumu cha kukunjia uzi, kwa sababu ndiyo inayong'aa kabatini. Hununua rili, kisha fimbo ya kuishikilia, kisha uzi wowote uliobaki dukani, kisha chambo chenye rangi iliyomfurahisha, mwishowe huenda kutafuta mahali pa kurushia. Mjuzi hufuata njia hiyo kinyumenyume. Huanza na mahali: samaki amelala wapi leo? Mahali hapo humwambia chambo gani kitapita bila kunasa. Chambo humwambia mshipi, yaani uzi, gani utakibeba, mshipi humwambia fimbo, na rili huja mwisho kabisa, ikiwa imebakiwa na machaguo machache. Huo ndio ufundi wote ninaousifu hapa. Ni rahisi kuusema, na ni mgumu kuufuata mtu akiwa na pesa mfukoni.

Tuanze basi na maji ya Naivasha. Si maji ya vioo. Mito ya Malewa na Gilgil huleta udongo wa mashamba ya juu kila mvua inapokolea, na kapu huchimbua matope ya chini akitafuta chakula. Blakibasi huwinda kwa macho, kwa hiyo ukungu huu wa maji ni shida kwake, na shida yake ni habari kwa mchagua vifaa. Samaki asiyeona mbali hutegemea zaidi mstari wa neva uliopita ubavuni mwake, ambao hunasa mitikisiko ya maji. Chambo chenye bati linalozunguka, au chenye tumbo nono linalotikisika, kitasikika kabla hakijaonekana.

Halafu kuna vizuizi. Ziwa lilipopanda katika mwongo ulioishia 2020, lilimeza migunga iliyokuwa nchi kavu. Mingi ilikufa imesimama, na matawi yake yako majini hadi leo. Ongeza mafunjo, na visiwa vya magugu maji ambavyo upepo huvihamisha, hivi kwamba mlango ulioingilia asubuhi unaweza kuwa umefungwa ukirudi. Blakibasi anapenda pote hapo. Chambo chenye ndoana tatu wazi hakitadumu. Hapa ndipo mnyoo wa plastiki unapotukuka. Nick Creme wa Akron, Ohio, alianza kuutengeneza mwaka 1949, na tangu hapo haujapata mpinzani wa kweli penye majani: ncha ya ndoana hurudishwa ndani ya mwili laini wa mnyoo, chubwi dogo lenye umbo la risasi huwekwa mbele, na kitu chote kikapenya kwenye matawi bila kushika. Umbo la kreifishi hufanya vizuri zaidi, na sababu nimeshaitaja.

Sasa mshipi, na hapa nitakaa, maana ndio kifaa kinachodharauliwa zaidi na ndicho pekee, pamoja na ndoana, kinachomgusa samaki. Wavuvi wa Shimoni na Lamu hawahitaji kuambiwa hili. Kwao mshipi ndio uvuvi wenyewe: uzi mkononi, chubwi, ndoana, chambo, na kidole cha shahada kinachojua kama kilicho chini ni mwamba, mchanga au mdomo. Hawana fimbo wala rili, na hupandisha changu na chewa wa kutosha soko. Sisi wa bara tumezungushia ujuzi huo mashine nyingi, na mara nyingi tumesahau kidole.

Nailoni iligunduliwa katika maabara za DuPont huko Marekani na kutangazwa mwaka 1938. Kabla yake wavuvi wa fimbo walitumia hariri na kitani, nyuzi zilizolazimu kuanikwa kila jioni zisije zikaoza. Nailoni iliwaondolea kazi hiyo. Ni rahisi kwa bei, hushika fundo vizuri, na hunyumbuka. Kunyumbuka huko ni rehema na ni adhabu. Samaki akichomoka ghafla karibu na mtumbwi, uzi hurefuka badala ya kukatika. Lakini akidona mita 30 mbali, ule mvuto wa mkono wako humezwa na uzi kabla haujaifikia ndoana, na lile pengo fupi la kufyonza na kutema limekwisha. Tena jua letu ni kali: nailoni iliyoachwa kwenye rili juu ya kabati karibu na dirisha, miezi ikapita, hupauka na kukatika kama uzi wa kushonea. Ibadilishe kabla hujabadilisha kitu kingine chochote. Ni shilingi chache.

Uzi wa fluorokaboni, ambao kampuni ya Kureha ya Japani iliuleta sokoni mwaka 1971, unasifiwa kwa kutoonekana majini. Sifa hiyo ni ya kweli, kwa kuwa unapinda mwanga karibu sawa na maji yenyewe. Swali langu ni nani wa kufichwa. Katika ziwa la Naivasha, siku ambayo huoni kiganja chako kikizama hadi kiwiko, anayelipia uzi usioonekana amelipia sifa ambayo matope yanaitoa bure. Hata hivyo siutupi, kwa sababu nyingine: una uzito wa kuzama na ngozi ngumu inayovumilia kukwaruzwa na magome ya migunga. Ukinunua, nunua kwa ajili ya gome.

Uzi wa kusuka, wa nyuzi nyembamba za polithini ngumu, umeenea tangu miaka ya 1990, nao ndio ulioibadili kazi hii kuliko kifaa kingine cha siku hizi. Wenye nguvu ya ratili 30 unakaribia unene wa nailoni ya ratili 8. Karibu haunyumbuki kabisa. Mnyoo ukigusa jiwe chini, mkono unajua ni jiwe. Ukifyonzwa, mkono unajua pia, na kujua huko ndiko kunakonunuliwa. Ubaya wake ni kwamba huteleza kwenye mafundo ya kawaida, hukata vidole, na huonekana. Tiba yake inajulikana: funga mbele yake kipande cha fluorokaboni cha urefu wa mikono yako miwili iliyonyoshwa, tumia fundo la uzi uliokunjwa mara mbili tunduni mwa ndoana, na lilowanishe kwa mate kabla ya kulikaza, maana msuguano mkavu huchoma uzi. Hukumu yangu, kwa mafunjo na visiki vya Naivasha, ni uzi wa kusuka na kipande cha mbele. Anayevua maji wazi kutoka kwenye mtumbwi, kwa chambo chenye ndoana wazi, abaki na nailoni wala asione haya.

Fimbo ina mambo mawili, na maduka huyachanganya. Jambo la kwanza ni ugumu: inahitaji nguvu kiasi gani ili ipinde. La pili ni inapindia wapi. Fimbo mbili zinaweza kuwa na ugumu sawa, moja ikapindia nchani tu na nyingine ikapinda hadi karibu na mkono. Ya kwanza huchoma ndoana upesi na hupasha habari, kwa hiyo ni ya mnyoo na uzi wa kusuka. Ya pili huchelewa, na kuchelewa huko kuna faida: samaki akishika chambo kinachokimbia, chenye ndoana nyingi ndogo, fimbo laini humpa nafasi ya kukiingiza kinywani vizuri na haimrarui mdomo anapojirusha juu. Ndiyo maana fimbo za kale za faibaglasi, zilizotamba baada ya Vita Vikuu vya Pili na ambazo leo huonwa takataka, bado zina kazi. Grafaiti ilipoingia madukani katika miaka ya 1970 ilileta wepesi na usikivu usio na mfano, ila haikuzifuta zile za kale. Anayekuuzia fimbo ya grafaiti kwa kila kazi anakuuzia sana.

Na grafaiti hupitisha umeme. Wenye kuvua Bonde la Ufa wakati wa masika wanajua mawingu yanavyojikusanya juu ya Mau na Aberdare mchana ukisonga. Ngurumo ya kwanza ikisikika, fimbo ilazwe chini na mvuvi aondoke majini. Nyaya za umeme zilizopita chini karibu na ufuo ni hatari ileile hata anga likiwa jeupe.

Siwezi kuiacha fimbo bila kuutaja mwanzi. Vijana wa Naivasha wanaovua kwa mwanzi uliokatwa, nailoni iliyofungwa nchani, boya la kandambili iliyochakaa na mnyoo wa bustani au donge la ugali, wamechagua pia. Mwanzi hupindia mahali pazuri sana. Tena ni mrefu, na urefu huwapa uwezo wa kushusha chambo moja kwa moja kwenye tundu la mafunjo bila kurusha, jambo ambalo mwenye rili ya bei kali hulihangaikia. Nimewaona wakizikataa fimbo mbili tatu za mwanzi kabla ya kukata moja, na hakuna aliyewasomea methali.

Rili ina historia ya kuvutia kuliko kifaa kingine chochote cha uvuvi. Zile zenye bobini inayozunguka uzi unapotoka zilikamilishwa mwanzoni mwa karne ya 19 huko Kentucky, na waliozikamilisha walikuwa mafundi saa na wafua fedha. Wa kwanza kutajwa huwa George Snyder. Kampuni ya ABU ya Uswidi, ambayo rili zake zilikuja kupendwa na wavuvi wa blakibasi, ilianzishwa mwaka 1921 kama kiwanda cha saa. Ile nyingine, yenye bobini isiyozunguka ambapo uzi hutoka kwa kuponyoka ukingoni, ilipewa hataza mwaka 1905 kwa Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya nguo huko Bradford, Uingereza. Na ile ya tatu, ya kufunikwa, inayopendwa na watoto, ilianza kuuzwa mwaka 1949 na kampuni ya Tulsa iliyokuwa ikitengeneza mabomu ya kulipulia visima vya mafuta. Wavuvi wa riziki hawamo katika orodha hiyo, na mimi naona sawa tu: fundi saa anajua gurudumu kuliko mvuvi.

Kwa mtu wa Naivasha, kinachotofautisha rili ya kwanza na ya pili ni upepo. Asubuhi ziwa hutulia. Mchana upepo huinuka, na mawimbi mafupi huanza kugonga mtumbwi. Bobini inayozunguka hutaka kidole gumba kiipunguze mwendo chambo kinapokutana na upepo. Kidole kikichelewa, bobini huendelea kumwaga uzi ambao hauna pa kwenda, na kinachofuata ni nusu saa ya kufumua. Aliyeizoea hurusha chambo kizito kikatua ndani ya upana wa sahani, na humtoa samaki kwenye magugu kwa nguvu ambayo rili nyingine haina. Asiyeizoea aanze na bobini isiyozunguka, hasa kwa chambo chepesi. Breki ya rili ndiyo ya kuchunguzwa kuliko kasi na rangi. Ivute kwa mkono: itoe uzi kwa ulaini bila kushtuka. Kwa uzi wa ratili 12, ambazo ni kama kilo 5.4, breki iachie kwenye kilo moja na nusu hivi, na mizani ya ndoana kama ile ya mwenye bucha hupima hilo vizuri kabisa.

Wapinzani wangu watanitajia George Perry. Tarehe 2 Juni 1932, kijana huyu wa mashambani huko Georgia alimtoa blakibasi wa ratili 22 na wakia 4, yaani kilo 10 na zaidi, kutoka Montgomery Lake. Husimuliwa kwamba yeye na rafiki yake walikuwa na fimbo moja na chambo kimoja, wakipokezana. Familia yake ilimla samaki huyo. Rekodi ilisimama peke yake hadi tarehe 2 Julai 2009, Manabu Kurita alipoifikia kwenye Ziwa Biwa, Japani, nchi ambako blakibasi ni mgeni vilevile, aliyeletwa mwaka 1925. Kurita alivua kwa vifaa vya kisasa vilivyopangwa kwa ajili ya samaki mkubwa. Basi, wanasema, fimbo moja ya umaskini ilitosha.

Ilitosha, sikatai. Ila Perry hakuwa na kabati la kuchagulia, kwa hiyo alichagua mahali na saa, na alichokuwa nacho kililingana na mahali hapo. Methali inamhukumu anayeliacha shamba kwa ajili ya jembe. Mvuvi ninayemsifu analiwaza ziwa hata akiwa dukani. Ukimuuliza kwa nini amerudisha fimbo ile, atakujibu kwa habari za visiki na kina cha maji, wala hatataja bei kwanza. Wapo wengine, wenye fimbo saba garini na uzi wa mwaka juzi kwenye zote. Hao wahenga wachukue.

Kwa hiyo, msomaji wa Nakuru unayetaka kuanza, na una pesa za seti moja tu: nunua fimbo ya grafaiti ya ugumu wa kati, futi sita na nusu hadi saba, ya vipande viwili, kwa sababu kondakta wa matatu hatakubali iliyo nzima. Iwe ya kupindia karibu na ncha. Weka rili ya bobini isiyozunguka yenye breki laini, uzi wa kusuka wa ratili 20, na kipande cha mbele cha ratili 12. Pesa zitakazobaki ziende kwenye ndoana kali na minyoo michache ya rangi ya kreifishi. Kata leseni ya uvuvi kabla hujaloweka chochote. Na ukifika, kabla ya kufungua mfuko, waulize wenyeji wa ufuo viboko wameshinda upande gani, kisha uvue upande mwingine, ukiwa ndani ya mtumbwi au juu ya ardhi kavu. Usiingie majini kwa miguu hata kama chambo chako cha bei kubwa kimenasa hatua tatu tu kutoka ufuoni. Kata uzi.